Shangingi la watu saba: V8, Lexus au Range Rover?

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Kimara, Dar es Salaam, kwetu Mbinga. Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitatu, na mama yangu mzazi mwenye miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua. Kwa sasa tuna Noah. Kila Desemba tunakwenda kijijini, na safari iliyopita Noah ilishindwa mlima wa mwisho kwa utelezi, tukaomba kulala kwa watu. Nimejichanga, nataka gari kubwa la heshima litakalotufikisha, na nipeleke watoto Mikumi na Ruaha. Nimeona matatu: Land Cruiser V8 ya 2013 ya petroli kutoka Japani, Lexus LX570 ya 2013 iliyotoka Dubai ikageuzwa usukani, na Range Rover Vogue ya 2014 ya dizeli. Rafiki zangu wote wanasema Range. Wadogo wawili watapakatwa, mbona hata kwenye Noah tunapakatana. Wewe ungechukua lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ambalo rafiki zako hawakulihesabu. Range Rover Vogue ya 2014 ina siti tano. Kizazi kile kilichotoka 2012 hakikuwahi kuwa na siti za safu ya tatu. Kizazi kilichokifuata, kilichozinduliwa Oktoba 2021, ndicho kilichopata siti saba, tena kwa lile la bodi ndefu tu. Ninyi ni saba.

Na hilo la kupakata naomba ulifute kabisa, kwenye Range, kwenye Noah, kwenye gari lolote. Gari likigonga kitu kwa spidi ya 50 tu, mtoto wa kilo 14 anataka kuchomoka mikononi kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 200. Hakuna mama wala bibi mwenye mikono ya kushika hiyo. Barabara ya Songea unaijua: usiku unapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, mchana unapishana na mabasi yanayokimbizana. Kila mtoto awe na siti yake na mkanda wake, na huyo wa miaka mitatu awe kwenye kiti chake cha mtoto kilichofungwa barabara. Gari lisiloweza kukupa hayo halifai, hata ungepewa bure.

Sisemi Range ni gari baya. Nimeliendesha kwenye mawe na kwenye maji, na nakiri kwamba kwa utulivu wa ndani V8 haliligusi. Bodi lake ni la aluminiamu, linajiinua lenyewe kwa upepo, na kiwandani wameliruhusu kuvuka maji ya kina cha milimita 900 wakati Land Cruiser 200, ndilo hilo V8 lako, limeruhusiwa 700. Ungekuwa na familia ya watu wanne na unakaa karibu na fundi anayelijua, ningekuambia uende ukalipime. Lakini fikiria siku mpira mmoja wa upepo, ule unaoliinua gari, unapasuka mkiwa kati ya Makambako na Njombe. Gari linalala chini upande mmoja, kompresa inafanya kazi mfululizo mpaka inaungua, na spea iko Dar au haipo nchini. Fundi wa Makambako ni hodari, ila hana mashine ya kusoma kompyuta ya gari lile wala hana mpira ule kabatini.

Kuna na dizeli yenyewe. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ulaya, ambako Range hiyo ya dizeli iliundiwa, kiwango ni 10 tangu 2009. Gari lile lina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linahitaji mafuta safi pamoja na safari ndefu za lami ili lijiunguze na kujisafisha. Foleni ya Kimara kwenda mjini kila asubuhi ndiyo kazi mbaya kuliko zote unayoweza kulitwika.

Basi Range tuliweke pembeni, tuje kwenye Lexus.

LX570 na Land Cruiser 200 ni ndugu wa tumbo moja. Chesisi ni ile ile, na difu ya nyuma ni ekseli nzima kwa yote mawili. Lexus lina injini ya petroli ya lita 5.7, ngozi laini zaidi, na mfumo wa mafuta ya haidroliki unaoliinua na kulishusha. Huo mfumo mama yako angeupenda: ukizima gari linashuka, anapanda bila kuomba mkono. Ila siku vyombo vyake vya gesi vinapochoka, gari linaanza kurukaruka kama mkokoteni, na kuvibadilisha vyote kunauma mfukoni.

Tatizo langu na Lexus yako haliko kwenye mfumo huo. Liko kwenye maneno "ikageuzwa usukani". Japani kwenyewe LX570 ilianza kuuzwa 2015, kwa hiyo ya 2013 ya kutoka Dubai ilizaliwa na usukani kushoto. Ili uhamie kulia, mtu amefungua dashibodi yote, amehamisha reki ya usukani, pedali, bomba za breki, kontrola za AC na mafundo ya waya, na amegusa mifuko ya hewa ya mbele. Kiwandani kazi hiyo hufanywa kwa vipimo na kupimwa kwa kugongesha magari ukutani. Uani hufanywa kwa grainda. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari la namna hiyo nikakuta chuma kinachobeba usukani kimeungwa kwa welding vipande viwili, na waya wa mfuko wa hewa umekatwa, kisha taa yake ya onyo imeunganishwa na taa ya oili ili izimike nayo. Mwenye gari alikuwa analipenda sana na hakujua lolote. Usimpandishe mama yako humo. Ukitaka LX570 kweli, tafuta ya Japani ya kuanzia mwisho wa 2015 yenye usukani wa kulia wa kuzaliwa nao, na bei yake itakuambia yenyewe kama unaiweza.

Linabaki V8. Wengi hudhani nalichagua kwa mazoea, kwa sababu kila kigogo analo. Hapana. Nalichagua kwa familia yako hii, kwa njia yako hii, na kwa masharti.

Land Cruiser 200 lilitengenezwa kuanzia 2007 hadi lilipopokewa na 300 mwaka 2021. Yanayokuja kutoka Japani yote ni ya petroli; huko hawakuuza dizeli ya 200. Kuanzia 2009 yalipata injini ya lita 4.6 na gia sita, badala ya ile ya 4.7 yenye gia tano. Hiyo 4.6 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, inatoa nguvu farasi zaidi ya 310, na ni injini tulivu ambayo fundi yeyote makini wa Toyota anaweza kuisikiliza akajua inaumwa wapi. Dizeli ya V8 ya lita 4.5 yenye turbo mbili unayoisikia kwenye magari ya serikali na mashirika haikutoka Japani kama mtumba. Ilinunuliwa mpya hapa, au ililetwa kutoka Uingereza, Australia au Ghuba.

Najua utaniuliza kwa nini usitafute dizeli. Tupige hesabu. Kutoka Dar hadi Mbinga ni kama kilometa 1,050. Petroli ya 4.6 ikiwa imejaa watu, kwa ninavyoiona mimi, inakwenda kilometa 6 hadi 7 kwa lita, tuseme lita 160 kwenda. Dizeli inakwenda 9, tuseme lita 117. Unaokoa lita 43 kila upande. Ukienda kijijini mara moja na hifadhini mara mbili kwa mwaka, umeokoa mafuta ambayo hayafikii bei ya nozo mbili mpya, na dizeli ile ina nozo nane. Halafu iko hadithi ya vumbi. Australia wameiongelea miaka mingi: vumbi laini linapita pembeni ya chujio la hewa la dizeli ya 200 lisipokaa sawasawa, linakula turbo na silinda taratibu. Ukikuta dizeli, toa mpira unaotoka kwenye kisanduku cha chujio kuelekea injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, rudisha mpira, shukuru, ondoka.

Kwa mtu anayekimbia kilometa 40,000 kwa mwaka ningesema mengine. Kwa wewe, petroli. Na tafadhali usiuze Noah. Shangingi likiwa ndilo la kwenda sokoni na la shule, litakula lita moja kila kilometa nne au tano kwenye foleni, na baada ya miezi sita utaanza kulichukia. Noah ibaki ya mjini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo muuzaji hatakuambia kwa sababu hata yeye hajui: uzito.

Gari hili tupu lina kama tani 2.6 hadi 2.7. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari na vyote vilivyomo, ni kama tani 3.3. Kwa hiyo unabaki na kilo 600 hivi, kutegemea toleo. Watu wanaliona gari kubwa wanadhani linabeba kama Canter. Hesabu familia yako kwa makisio yangu: wewe 85, mkeo 75, mama 65, watoto 50, 38, 25 na 14. Hiyo ni 352. Weka bampa la chuma ambalo kila mtu anataka, kilo 60. Keria ya juu, 40. Tairi la pili la akiba, 35. Umeshafika 487 na hujaweka begi hata moja. Zimebaki kilo 113, yaani gunia moja la maharage na dumu la maji. Na nani anatoka kwenu Umatengo Januari na gunia moja? Kuna kahawa, kuna unga, kuna ndizi za shangazi, kuna jogoo.

Gari likizidishwa uzito haligomi. Linakubali, kisha linalipa kisasi kwenye shokapu, kwenye bushi, kwenye tairi za nyuma, na siku mbaya kuliko zote, kwenye breki. Ukirudi Dar utashuka mlima Kitonga. Ukiwa na tani tatu na nusu na mguu umekaa kwenye breki kuanzia juu, ukifika katikati ya kona zile utasikia harufu ya kuungua, na pedali itaanza kuwa laini kama sifongo. Kabla hujaanza kushuka, vuta gia kwenye S, ile ya kuchagua gia mwenyewe, shusha hadi ya tatu au ya pili, uiache injini ilizuie gari, na breki uguse kwa vipindi. Malori yakupite, hayana shida na wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usifunge bampa la chuma. Ni kilo 60 zinazokaa mbele kabisa, na kama siku moja utapata 200 la kuanzia Agosti 2015 lenye Toyota Safety Sense, ule mfumo wa kuonya na kusaidia breki, rada yake iko nyuma ya nembo ya mbele na chuma hicho kinaweza kuiziba. Keria chukua ile nyepesi ya aluminiamu, uweke juu vitu vyepesi tu: magodoro, nguo, mikeka. Gunia lisipande juu. Mzigo unaobaki utume kwa basi. Mabasi ya Songea yanabeba mizigo kila siku.

Sasa siti. Nakuomba siku ya kwenda kuliangalia gari usiende na rafiki zako. Nenda na familia yote saba. Yadi wakishangaa, washangae. Mama akae mbele, ndiyo heshima yake na ndiko kwenye nafasi ya magoti; mwangalie anavyopanda. Gari liwe na ngazi za pembeni na kishikizo kwenye nguzo, na apande na kushuka mara tatu mbele yako bila kusaidiwa. Akishindwa, nunua kiti kidogo cha kukanyagia kinachokunjwa, kikae mlangoni daima. Mkeo akae katikati na wadogo wawili, kiti cha mtoto kikiwa upande wenye vifungio vya ISOFIX, ambavyo viko siti za pembeni za safu ya kati. Wakubwa wawili waende nyuma kabisa.

Hapo nyuma ndipo ninapotaka ukae wewe mwenyewe kwa dakika kumi, mlango umefungwa, AC inawaka. Sakafu ya safu ya tatu iko juu kwa sababu chini yake inapita ekseli, kwa hiyo magoti yanapanda kuelekea kidevuni. Mtoto wa miaka 12 hana shida. Mtu mzima baada ya Morogoro atakuomba umshushe. Angalia kama matundu ya hewa ya juu yanatoa ubaridi kweli au yanapuliza tu. Vuta kila mkanda mpaka mwisho uone kama unarudi. Na angalia jambo hili ambalo wengi hulijua baada ya kununua: siti za nyuma za 200 hazilali sakafuni, zinakunjwa zikaning'inia pembeni, kulia na kushoto, kama masikio. Zikiwa wazi zina watu, buti linabaki na upana wa mabegi machache ya shule yaliyosimama. Zikikunjwa, zinakula nafasi ya mizigo pembeni na kuziba dirisha la nyuma. Kwenye 300 walilirekebisha hilo, zinalala chini, lakini bei ya 300 ni habari nyingine kabisa. Prado nalo lina siti saba na ni nafuu, ila safu yake ya tatu ni nyembamba zaidi, na kwa watoto wanaokua utaijutia mapema.

Tukija kwenye ukaguzi wa V8 lenyewe, nitakueleza nilivyofanya mwaka jana kwa mteja wangu, kwenye yadi moja ya Dar. Lilikuwa jeupe, linang'aa, dashibodi inasoma kilometa 68,000. Kitu cha kwanza nilichotazama ni mpira wa pedali ya breki. Ulikuwa umelika upande wa kulia mpaka mistari imepotea. Gari la kilometa 68,000 halina mguu wa namna hiyo. Ngozi ya siti ya dereva, upande anaopandia, ilikuwa imepakwa rangi upya. Ukiikuna kwa kucha inatoka unga. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani. Wakasema imepotea. Nikafungua boneti: injini imeoshwa, inanukia sabuni. Injini iliyooshwa siku ya kuuzwa inaficha kitu, kwa hiyo nikashika tochi nikatafuta mahali ambapo maji ya presha hayafiki. Juu ya rejeta, kwenye plastiki, katikati, nikaona mstari mwembamba kama unywele, na pembeni yake ukungu wa pinki uliokauka. Kulanti ya Toyota ni ya pinki. Ikivuja inaacha chumvi ya rangi hiyo. Mahali pale ndipo rejeta za 200 hupenda kupasuka. Nikashuka hadi kwenye pampu ya maji, nako ukungu ule ule. Lingeweza kutembea mjini mwaka mzima. Kwenye mlima wa Iringa na watu saba lingechemsha siku ya kwanza.

Wewe fanya hivyo hivyo, na uongeze haya. Omba injini iwe baridi kabisa unapofika, uiwashe mwenyewe. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekunyima nusu ya ukaguzi. Lala chini uangalie chesisi. Magari ya Hokkaido na kaskazini mwa Japani yanapita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu yake huanzia ndani ya chesisi ikitokea nje. Gonga kwa kipini cha bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Rangi nyeusi mbichi iliyopulizwa chini ya gari zima inanitia wasiwasi kuliko kutu ya kawaida ya juu juu.

Kisha chukua futi, ile ya fundi cherehani inatosha. Gari likiwa kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Baadhi ya V8 yana mfumo unaoitwa KDSS: haidroliki inayokaza vyuma vya kuzuia kuyumba ukiwa lamini, na kuvilegeza ukiwa kwenye mashimo ili tairi zifuate ardhi. Ni kitu kizuri mno, gari la zaidi ya tani mbili na nusu linakata kona kama dogo. Lakini likichoka au kuvuja linainama upande mmoja. Tofauti ya milimita chache si kitu. Sentimeta mbili, uliza kwa nini, na uangalie bomba zake chini kama zina mafuta.

Mwisho wa ukaguzi, tafuta kipande cha kokoto. Gari hili linavuta tairi zote nne muda wote, likigawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma, kwa hiyo huna haja ya kuingiza foo wili. Unachokagua ni mambo mawili: gia nzito, ile L4, iingie bila kelele gari likiwa limesimama kwenye N, na kitufe cha kufunga difu ya kati kiwashe taa yake ndani ya mita chache. Gari lililokaa Tokyo miaka kumi huenda halijawahi kubonyezwa kitufe hicho tangu lizaliwe, na mota yake hugandamana. Bora ukajua hapo kuliko mlimani.

Kodi usikadirie kwa maneno ya dalali. TRA ina kikokotoo mtandaoni, ingiza mwaka na modeli uone mwenyewe, na ukumbuke kwamba gari lililopita miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Wakati mwingine la 2013 na la mwaka wa karibu zaidi yakishalipiwa kila kitu hayaachani kama ulivyodhani. Chochote utakachonunua, bakiza sehemu ya tano ya bei yake benki. Hiyo ni ya oili zote, ikiwemo ya gia na difu, rejeta mpya ikibidi, bushi, na tairi.

Tairi ndizo nilizotaka kufikia. Noah yako haikushindwa mlima kwa udogo wa injini. Udongo mwekundu wa Umatengo ukilowa unajaza mistari ya tairi la lami, na baada ya mizunguko miwili unaendesha juu ya mipira minne laini kama chupa. V8 lenye tairi hizo hizo litateleza vile vile, na kwa uzito wake litateleza mbali zaidi. Yapo mengi yanayouzwa na rimu za inchi 20 zinazopendeza machoni. Ziuze. Funga inchi 18, tairi 285/60 za aina ya AT, yaani za njia zote, zenye meno ya wastani, tano zinazofanana, na la tano likiwa limekaguliwa kama manne mengine. Ukuta mrefu wa tairi ndio mto wako kwenye mawe, na ndio unaokuruhusu kupunguza upepo. Hii inashinda kila kitufe cha kompyuta ndani ya gari hilo. Nunua kompresa ndogo ya kuunga kwenye betri na geji ya mkononi. Zote mbili zinaingia chini ya siti.

Kwenye lami na mzigo, fuata kibandiko kilichoko nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye rafu rodi ndefu, kama zile njia za ndani ya Ruaha zenye vituta vinavyotikisa meno, punguza upepo hadi PSI 28 hivi, uende taratibu, shokapu zitakushukuru. Kwenye mchanga mzito nashuka hadi 18 au 20 na sizidi spidi ya baiskeli kwenye kona.

Na ule mlima wenu wa mwisho, hivi ndivyo ningeupanda. Simama chini, familia ishuke, mama apumzike kivulini. Panda kwa miguu uangalie mfereji uko wapi na utateleza upande gani ukiteleza. Shusha upepo hadi 24. Weka N, ingiza L4, funga difu ya kati, chagua gia ya pili, uanze polepole na uende kwa mwendo mmoja. Tairi likianza kuzunguka bure, toa mguu, usiongeze. Ukikwama, rudi kinyumenyume kwa mstari ule ule uliopandia, gia ikiwa R na injini inawaka. Usijaribu kugeuza gari katikati ya mlima wa tope, kwani hapo ndipo magari haya makubwa hulala ubavu. Mvua ikiwa bado inanyesha, subiri. Saa mbili za jua la Desemba hubadilisha mlima ule kuliko gari lolote utakalonunua.

Siku ya kurudi, mkishafika lami ya Mbinga, ingia kituo cha kwanza cha mafuta ujaze upepo tairi zote hadi kipimo cha kibandiko, na lile la akiba pia.